Bastola ya nani? Swali la mfanyabiashara wa Kariakoo nikiwa Baiyun

Na Mwandishi Wetu, Guangzhou

NDUGU msomaji, kama umewahi kufika Guangzhou kufunga mzigo, basi Sanyuanli unaijua. Iko ndani ya wilaya ya Baiyun, kaskazini mwa jiji, ambako maduka ya jumla ya nguo, viatu, saa na mikoba ya ngozi yamebanana ghorofa juu ya ghorofa. Huko Mwafrika haulizwi anatafuta nini. Anaulizwa anataka katoni ngapi.

Nilikuwa huko kwa wiki tatu nikitokea Houston, Texas, ninakoishi tangu kazi hii ya kalamu iliponilazimu kuondoka nyumbani. Jioni moja tulikuwa wanne mezani katika mgahawa wa Waafrika wenzetu, ugali na samaki mbele yetu, mazungumzo yakiwa yale yale ya bei ya kontena na thamani ya shilingi. Ghafla ndugu mmoja mwenye duka la mikoba Kariakoo (jina lake nalihifadhi kwa ombi lake) akasogeza sahani pembeni akaniuliza: "Kaka, wewe unakaa Marekani, haya mambo unayajua. Niambie bastola nzuri ni ipi, isiyosumbua, na bei yake iwe poa."

Wawili wakacheka. Mwenyewe hakucheka. Wiki mbili kabla ya jioni ile, wakati yeye akihesabu katoni hapa Baiyun, watu watatu waliruka ukuta wa nyumba yake Mbezi usiku wa manane. Mlinzi alikatwa panga la kichwa. Mkewe na watoto wawili walijifungia chumbani, wakakaa chini nyuma ya kitanda wakisikiliza kitasa kikitikiswa. Mlango ulishikilia. Wezi wakabeba walichoweza sebuleni wakaondoka, na msaada ukafika kumeshakucha. Mlinzi alipona, lakini hajarudi kazini.

Basi swali lake halikuwa la mzaha, na mimi nikaona nilijibu kwa uzito wake. Tatizo ni kwamba aliliongeza na la pili: "Si zinatengenezwa hapa hapa China? Kwa nini nisinunue moja kiwandani nikaichomeka katikati ya mikoba?"

Hapo nikamshika mkono. Msomaji uliyeko Guangzhou, au unayejiandaa kwenda, tafadhali isome aya hii mara mbili. China ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha iliyoanza kutumika Oktoba 1, 1996. Kwa mtu binafsi, bastola haina duka wala soko, na kwa mgeni ndiyo kabisa. Kukutwa nayo bila kibali ni kifungo cha hadi miaka mitatu, na jambo likihesabiwa kuwa zito, miaka mitatu hadi saba. Kuiuza au kuisafirisha ni balaa jingine kubwa zaidi, ambalo adhabu yake ya juu haina mwisho wa miaka.

Tena usidhani ni bastola ya kweli tu. Mwaka 2016 huko Tianjin alikamatwa mama wa miaka 51, Zhao Chunhua, aliyekuwa na kibanda cha watu kulenga maputo kwa bunduki za hewa, mchezo wa sikukuu tu. Bunduki zake tisa zikapimwa, sita zikaonekana zimevuka kiwango cha serikali, ambacho ni nguvu ya joule 1.8 kwa sentimita moja ya mraba pale risasi inapotoka mtutuni. Kiwango hicho ni kidogo mno, lakini mama yule alihukumiwa miaka mitatu na nusu. Wachina wenyewe walipiga kelele, na Januari 2017 mahakama ya rufaa ikampa kifungo cha nje. Yeye alikuwa raia, anajua lugha, na taifa zima lilikuwa linamsemea. Wewe mwenye viza ya siku 30 nani atakusemea?

Kwa hiyo hata viberiti vya gesi vyenye umbo la bastola, hata bastola za kuchezea zinazofanana mno na za kweli, hata ganda la risasi la kuning'iniza shingoni kama mkufu, viache. Ukiingia treni ya chini ya ardhi mkoba unapita kwenye mashine. Ukifika uwanja wa ndege wa Baiyun unapita tena. Na ukifika nyumbani na katoni ya bastola bandia utaeleza mwenyewe bandarini zilikuwa za nini, kwa sababu majambazi wetu wengi huvamia na hizo hizo.

Ni kweli kwamba China inatengeneza bastola. Shirika la serikali la Norinco linazitengeneza kwa wingi, na ukienda Zhuhai, kusini ya hapa, kwenye maonyesho ya ndege na zana yanayofanyika kila baada ya miaka miwili, utakuta silaha zake zimepangwa kama simu. Lakini wateja wake ni serikali na makampuni yenye leseni ya kuingiza silaha katika nchi zao. Bastola ya Norinco inayokufikia kihalali inapita kwa mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa nyumbani kwako. Njia ya katikati ya mikoba haipo.

Ndugu yetu akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sawa. Basi nikiwa nyumbani, kwa njia halali. Ipi?"

Kesho yake asubuhi sikumjibu kwa maneno. Nilimpeleka kwenye makumbusho madogo yaliyoko hapo hapo Sanyuanli, ndani ya hekalu la kale, ambayo yeye kwa miaka sita ya kuja Guangzhou alikuwa akiyapita kwa miguu bila kuingia. Pana kumbukumbu ya Mei 1841, Vita vya Kwanza vya Kasumba, wakati majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Hugh Gough yalipokuwa yameshika vilima vya kaskazini ya jiji. Wanakijiji wa Sanyuanli na vijiji jirani walikusanyika kwa maelfu na mikuki, mapanga na majembe. Mvua ikanyesha, mvua ya huku, unayoijua wewe uliyekwama nayo bila mwavuli. Kikosi kimoja cha askari wa Kihindi wa jeshi la Kiingereza, wapatao 60, kikapotezana na wenzao katika mashamba ya mpunga na kuzingirwa.

Askari wale walikuwa na bunduki za gumegume. Jiwe hupiga chuma, cheche inaingia kwenye baruti, bunduki inalia. Baruti ikilowa, hailii. Kikosi kile kikabaki na vijiti vya chuma mkononi, mbele ya wakulima wenye mikuki. Waliokuja kuwaokoa usiku ule walikuwa wanamaji wa Kiingereza wenye bunduki za fataki, aina mpya wakati ule, ambazo hazikujali sana mvua.

"Umeona?" nikamwambia. "Hilo ndilo jambo la kwanza. Bei, rangi na jina la kampuni vije baadaye. Ukivuta, italia? Na usipovuta, itanyamaza?"

Sehemu ya pili ya swali hilo watu wengi wanaisahau. Bastola ya kuaminika ni ile inayolia ukitaka na isiyolia usipotaka. Kampuni kubwa pia huteleza hapo. Mwaka 2015 kampuni ya Taurus ya Brazil ilikubali kumaliza kesi ya pamoja nchini Marekani iliyohusu aina tisa za bastola zake, zilizodaiwa kuweza kulia zikidondoka. Agosti 2017 SIG Sauer, jina linaloheshimika kweli kweli, ilitangaza kuzirekebisha bila malipo bastola zake za P320 baada ya majaribio kuonyesha kwamba zikidondoka kwa pembe fulani zinaweza kulia. Kwa hiyo mtu akikuuzia iliyotumika ya aina hizo, muulize kama ilirekebishwa na akuonyeshe karatasi. Na kwa jumla usiwe wa kwanza kununua aina mpya iliyotoka juzi. Acha wengine wailipie ada ya shule.

Ndiyo maana zinazosifiwa ni zile zile za zamani. Glock 17 ilipokelewa na jeshi la Austria mwaka 1982, na mdogo wake Glock 19 akafuata mwaka 1988. CZ 75 ya Chekoslovakia, ambayo ukoo wake Wakenya wanauita Ceska na wameuona kiunoni kwa polisi wao miaka nenda rudi, imekuwepo tangu 1975. Browning ya Ubelgiji ni ya 1935. Hizi zimekwishapigwa mvua, mchanga, jasho na uzembe wa askari wa kila bara. Zikiwa na tabia mbaya, dunia imeshajua.

Na hizo za Norinco? Si mbaya hata kidogo, kinyume cha kejeli za watu. Ile ya zamani, Type 54, ni nakala ya Tokarev ya Kirusi, chuma kitupu, na wazee waliopita jeshini watakuambia haifi. Lakini kwa nyumba ya kuishi siipendi. Risasi yake ya 7.62 ni nyembamba na ya kasi, inapita ukuta wa tofali dogo na kwenda kumtafuta jirani, na madukani si nyingi kama 9mm. Tena muundo wake wa asili hauna sefti ya kubonyeza kwa kidole, ingawa baadhi ya zile za kuuzwa nje ziliwekewa. NP-22 ndiyo ya kuangalia. Ni nakala ya SIG P226, inatumia 9mm, na sehemu zake nyingi hupokezana na za mwenzake wa bei kubwa. Kanada, kabla serikali haijasimamisha mauzo ya bastola kwa raia Oktoba 2022, ilikuwa ikiuzwa chini ya nusu ya bei ya ile ya asili. Umaliziaji wake ni wa kiwandani tu, usitegemee kioo. Inafanya kazi.

Hapo tukawa tumekaa kwenye kivuli nje ya hekalu, na mimi nikaingia kwenye jambo ambalo mimi mwenyewe nilijifunza kwa aibu.

Miaka kadhaa iliyopita, baada ya kupokea barua pepe tatu za vitisho kutoka kwa watu wasiotaja majina, rafiki alinishauri ninunue bastola. Texas hilo si jambo gumu. Nilikwenda kwenye uwanja wa shabaha, ambako kwa malipo kidogo unakodi bastola moja baada ya nyingine na kuzijaribu kabla hujanunua. Kama mwanaume yeyote asiyejua kitu, nikachagua ndogo kuliko zote. Nilidhani ndogo ni rahisi. Ilinipiga teke kama punda. Risasi ya pili ikakwama nusu njia, ganda limesimama kama bomba la moshi. Ya nne ikakwama tena. Nikamwambia yule mama mwalimu kwamba bastola ni mbovu. Akaichukua, akapiga risasi kumi mfululizo bila kukwama hata moja, akanirudishia.

Ubovu ulikuwa wa mkono wangu. Bastola ya kujijaza yenyewe hutumia teke la risasi kurudisha sehemu ya juu nyuma, kutupa ganda na kuingiza risasi nyingine. Ili ifanye hivyo inahitaji mkono ulioishikilia imara. Mkono ukilegea, bastola nzima inarudi nayo, nguvu inapotea, na ganda linakwama mlangoni. Na kadiri bastola inavyokuwa ndogo na nyepesi ndivyo teke linavyokuwa kali na kosa hilo linavyokuwa rahisi. Ndogo ni ya mzoefu. Anayeanza anafaa apewe ya saizi ya kati au kubwa, iliyo na uzito kidogo.

Jinsi ya kujipima ni hivi. Hakikisha kwanza bastola ni tupu, magazini imetoka na chemba umeiangalia kwa macho na kwa kidole. Ishike kwa mkono mmoja, mtutu ukiwa kwenye mstari mmoja na mfupa wa mkono wako mpaka kiwiko. Bila kuuhamisha mshiko, kidole cha shahada kifikie triga kwa ile nyama ya pingili ya mwisho. Ukilazimika kuuzungusha mshiko ili kufika, bastola ni kubwa kwako. Kidole kikipita na kujikunja upande wa pili, ni ndogo kwako. CZ 75, kwa mfano, ni tamu mkononi kwa walio wengi, lakini mvuto wake wa kwanza, nyundo ikiwa chini, ni mrefu na mzito, na mwenye vidole vifupi ataulalamikia. Uzito wake ni kama kilo moja bila risasi, wakati Glock 19 ni kama gramu 600. Glock za kizazi cha nne, zilizoanza kutoka 2010, zina vipande vya kubadilisha nyuma ya mshiko ili kuukuza. Lakini Glock haina sefti ya pembeni. Usalama wake uko kwenye triga yenyewe, na maana yake ni kwamba kidole chako ndiyo sefti. Mtu mwenye haraka ya mikono simshauri.

Kisha jaribu kuikoki. Hapa wengi hukata tamaa bure. Usiivute sehemu ya juu kwa vidole viwili kama unayefungua soda. Ishike kwa kiganja kizima, mkono wa pili usukume mshiko mbele kwa nguvu, bastola ikiwa karibu na kifua na mtutu ukitazama mbele pasipo na mtu. Nimewaona kina mama wembamba wakifanya hivyo bila shida, na wanaume wa mazoezi ya chuma wakishindwa kwa sababu ya kuvuta tu.

Rivolva nayo ina wateja wake. Haina magazini wala kukoki. Ikigoma risasi moja unavuta tena inakuja nyingine. Lakini ni risasi tano au sita tu, na mvuto wa triga yake ni mzito kiasi kwamba usiku, kwa mkono unaotetemeka, shabaha inakwenda darini.

Sasa bei. Marekani Glock 19 mpya huwa kwenye dola 500 hadi 600, na nyumbani, baada ya mwagizaji, kodi na vibali, usishangae ikiwa zaidi ya mara mbili. Mfanyabiashara yeyote anaelewa kwamba bei ya kununua siyo gharama. Piga hesabu ya risasi za mazoezi, magazini ya pili na ya tatu (magazini ndiyo hufa kwanza, na ndiyo chanzo cha kukwama kwingi), ada za leseni, na sanduku la chuma la kuitunzia. Hapo ndipo 9mm inapowashinda wenzake wote. Imekuwepo tangu 1902, majeshi na polisi wa karibu kila nchi wanaitumia, na hata kiwanda cha Eldoret nchini Kenya kinaitengeneza. Bastola ya bei poa yenye risasi adimu ni kama gari la bei poa lisilo na vipuri. Utaliosha tu.

Kwa iliyotumika, chungulia mtutu kwenye mwanga, tazama namba ya fremu kama inalingana na karatasi, badilisha springi ya teke mara moja kwa sababu ni kitu cha pesa ndogo. Kabla ya kuitegemea ipige risasi mia mbili, kidogo kidogo kadiri kibali chako kinavyoruhusu, ukijumuisha zile utakazoziweka nyumbani. Ikikwama mara mbili na magazini mpya, irudishe. Na ile anayokuletea "mshikaji" gizani kutoka mpakani, kwa bei ya kutupwa? Hujui ilimuua nani. Siku ikikamatwa kwako, historia yake yote ni yako.

Ndugu yetu alikuwa ameandika kwenye daftari lake la oda. Nikalisoma: Glock 19, CZ, NP-22, 9mm, magazini 3. Kisha nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza tangu usiku ule wa ugali: "Wewe kwa mwaka unakaa Dar es Salaam miezi mingapi?"

Akahesabu. Mitano. Pengine sita.

"Na walipokuja, nani alikuwa nyumbani?"

Leseni ya bastola Tanzania hupewa mtu, kwa silaha yenye namba yake. Haipewi nyumba. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, safari huanzia kwa serikali ya mtaa, inapanda kamati za ulinzi na usalama, inapita polisi wa wilaya na mkoa, na kote huko wanachunguzwa wewe na tabia zako. Mwaka 2016 wamiliki nchi nzima waliitwa kuhakikiwa silaha zao mmoja mmoja. Kenya nako, Desemba 2018, Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati ule Fred Matiang'i aliagiza wenye leseni wote wachunguzwe upya. Leseni ya mume haimruhusu mke kuishika bastola hiyo. Mwenye nayo akisafiri kwa miezi, ustaarabu ni kuikabidhi mahali halali pa kuitunza, kama kituo cha polisi. Maana yake, ndugu yetu angetumia mamilioni, angepita ofisi zote hizo, na usiku wa wezi kuja bastola ingekuwa kabatini kwa polisi naye yuko Baiyun. Au mbaya zaidi: ingekuwa chini ya godoro, karibu na watoto wawili, na mama asiyewahi kuishika.

Mpaka hapo mlengaji tuliyekuwa tukimchagulia bastola alikuwa mtu ambaye hayupo.

Tukampigia simu shemeji yangu huyo, sauti ikiwa wazi ili wote tusikie. Alinisalimia kwa heshima zote, akauliza hali ya huko ughaibuni, akasikiliza maelezo marefu ya mumewe kuhusu Glock na mwenzake wa Kicheki. Kisha akasema, taratibu sana: "Shemeji, mimi hakuna aliyeniuliza. Usiku ule niliokuwa naomba ni mlango usifunguke."

Mumewe akaangalia chini.

Nikamuuliza kama yeye mwenyewe angependa kuwa na leseni. Hakujibu haraka. Alisema baba yake alikuwa mwindaji wa vibali huko Manyara na bunduki hazimtishi, kinachomtisha ni mdogo wake wa mwisho, wa miaka minne, anayefungua kila kilichofungwa. Akauliza inachukua muda gani kufungua sanduku la chuma gizani. Akauliza kama mtu anaweza kujifunza kwanza na kuamua baadaye. Kwa maoni yangu, maswali yale mawili yalikuwa bora kuliko yote niliyoulizwa safari nzima.

Nikamweleza kuhusu Westgate, Nairobi, Septemba 21, 2013, siku ambayo raia wenye leseni za bastola waliingia kwenye jengo lile kuwatoa watu. Mmoja wao alikuwa Abdul Haji, mtoto wa Yusuf Haji aliyekuwa Waziri wa Ulinzi. Walikuwa na bastola tu, mbele ya magaidi wenye bunduki za kivita. Baadhi yao walikuwa watu wa viwanja vya shabaha, kama pale Kirigiti, Kiambu. Mwenye bastola ambayo haijatoka kwenye boksi tangu siku ya kununuliwa asijihesabu pamoja nao.

Siku mbili baadaye nilimsindikiza ndugu yetu kwenye manunuzi yake ya mwisho. Katoni za mikoba zilikuwa zimekwisha fungwa. Aliongeza milango miwili ya chuma, taa za ukutani zinazowaka mtu akipita, king'ora, kamera nne, na kasiki moja nzito ya namba za kubonyeza ambayo vijana watatu wa ghala waliibeba wakilaani kwa Kikantoni. Pale kwenye soko la ngozi akapita kibanda cha mikanda, akasimama kwenye mkanda mmoja mpana wa kushonwa mara mbili, wa kubeba uzito. Akaugeuza. Akauliza kama wana saizi ya mwanamke.

Nilipofika Houston nilikuta ujumbe kutoka Mbezi. Shemeji amekwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kuuliza utaratibu, ameambiwa arudi Jumatatu. Kasiki bado iko majini. Na ameniambatanishia picha: mkono wake wa kulia, vidole vimenyooshwa juu ya rula ya shule ya mwanawe, kutoka mkunjo wa kifundo mpaka ncha ya kidole cha kati. Sentimita 16 na nusu. Chini ameandika, "Shemeji, kwa mkono huu, ile ya Kicheki nitaifikia?"

Nimemjibu kwamba asinisikilize mimi wala mumewe. Aombe kuishika ikiwa tupu, mbele ya mwalimu, kabla hajalipa hata senti moja.